Chuma na Neno

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii aghalabu twaitumia kwa mtu na mwili wake. Katika kurasa hizi nataka kuitumia kwa kitu kidogo cha madini, kisichozidi ukubwa wa kikombe cha kahawa, ambacho kiliniumbua mimi mwenyewe zaidi ya miaka 40 iliyopita, nami wakati huo nilikuwa mwalimu, mtu aliyelipwa mshahara kuwafundisha watoto wa wenzake kusema kweli. Swali ninaloliweka mbele yako, ndugu msomaji, ni hili: mtu akitengeneza kwa mikono yake kipuri cha injini mahali pa kile cha kiwandani, je, kitu hicho ni cha kweli au ni cha uongo? Na kama kuna uongo, je, umo ndani ya kipuri, au umo mahali pengine?

Yafaa kwanza nieleze hali ilivyokuwa. Miaka ya mwanzo ya themanini ilikuwa miaka ya dhiki. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka tangu ilipofikia kilele mwaka 1977, vita vya kumng'oa Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha akiba ya fedha za kigeni, na mafuta yalikuwa ghali duniani kote. Wilaya yetu ya Mbinga, ambayo wakati ule ilishika milima yote ya Umatengo pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa, kabla mwambao haujawa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, ilikuwa na wakulima wenye fedha mfukoni na maduka yenye rafu tupu. Sabuni ilikuwa habari, chumvi ilikuwa habari. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na baada ya hapo hata mwenye plagi mbili za akiba alizitazama mara mbili kabla ya kumwonyesha jirani.

Katika hali hiyo nilikuwa na baiskeli ya injini. Ilikuwa baiskeli kweli, yenye pedali na kiti cha ngozi, ila ilifungwa injini ndogo ya mipigo miwili, ya ujazo usiofika sentimita za ujazo 50. Niliinunua kwa padre mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kwa watu wa kijijini petu ilikuwa kioja. Kwangu ilikuwa miguu. Mwaka 1984 pistoni yake ikapasuka. Kipuri chake hakikuwapo Mbinga, hakikuwapo Songea, na ndugu yangu aliyekuwa Dar es Salaam alizunguka Kariakoo siku mbili akaniandikia kwamba wauzaji wanamcheka tu, kwa kuwa hata jina la injini ile hawajapata kulisikia.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi mmoja mjini Mbinga. Jina lake silitaji, maana hakupenda kutajwa alipokuwa hai. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabanzi chenye jiriwa moja, mvukuto wa ngozi, tupa tano zilizolika na rundo la mabaki ya malori. Aliitazama pistoni yangu iliyopasuka kwa muda mrefu, akaigonga kwa ukucha na kuisikiliza mlio, halafu akasema, "Mwalimu, tutaizaa upya."

Aliizaa hivi. Alikanda mchanga wa mtoni kwa udongo kidogo na maji, akatengeneza kalibu. Akayeyusha pistoni kuukuu ya lori, na kwa kuwa haikutosha, akaongeza vipande vya sufuria. Akamimina, akasubiri ipoe, akaivunja kalibu na kutoa donge la kijivu lenye mashimo madogo madogo kama andazi. La kwanza alilitupa. La pili alilitupa. La tatu alilipeleka likakerezwe kwenye mashine ya karakana ya misheni, kisha akakaa nalo siku nne akilisugua kwa tupa na msasa, akilitia ndani ya silinda na kulitoa, akilitia na kulitoa, akilitazama dhidi ya mwanga wa mlango. Ringi alizichukua kutoka injini nyingine kubwa kidogo, akazipunguza ncha. Siku ya tano injini ikawaka. Nakiri kwamba machozi yalinilengalenga.

Sasa sikiliza alichoniambia kabla sijaondoka, maana ndicho kiini cha habari yote. Alisema: "Mwalimu, humu kuna sufuria. Sufuria ina tabia yake. Asubuhi injini ikiwa baridi itagonga kidogo, usiogope, nimeiachia nafasi kwa makusudi. Ikipata moto itavimba kuliko ile ya Wazungu. Kwa hiyo ukipanda mlima mrefu, pumzika. Oili kwenye petroli ongeza kuliko kitabu kinavyosema. Na ukishuka mlima mrefu, usifunge mafuta kabisa ukaserereka tu. Vuta kidogo kila baada ya muda, ili oili ipate kuingia." Akanirudisha nyuma mara mbili nikayarudia maneno yale kama mtoto wa darasa la kwanza.

Miaka mingi baadaye nilisoma sababu ya mambo hayo, nikaona kwamba mzee yule asiyepita darasa la nne alikuwa sahihi kwa kila neno. Alumini huvimba kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Pistoni ya kipenyo cha milimita 40, ikipata joto la nyuzi 150 zaidi ya lile la asubuhi, huongezeka kipenyo karibu sehemu 14 za mia ya milimita moja, wakati silinda ya chuma inayoizunguka, ambayo haishiki joto jingi hivyo, huongezeka sehemu nne au tano tu. Viwanda huchanganya alumini ya pistoni na silikoni, ili iwe ngumu na isivimbe sana. Sufuria haikukusudiwa kazi hiyo. Tena katika injini ya mipigo miwili oili huingia pamoja na petroli. Ukifunga petroli kwenye mteremko, umefunga na oili. Hivyo basi pistoni ya namna ile inaweza kukaa vizuri kabisa ikiwa baridi, mbele ya macho ya mnunuzi, na ikang'ang'ania silinda saa mbili baadaye mahali pasipo na mtu.

Nilitembea na pistoni ile zaidi ya mwaka mmoja bila tatizo, kwa kuwa niliyashika maneno ya fundi. Nilijivuna nayo pia. Nilikuwa nikiwafundisha watoto Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, na mara mbili niliileta baiskeli darasani nikawaambia: tazameni, moyo wa mashine hii umezaliwa Mbinga. Taifa lilikuwa limeunda SIDO mwaka 1973 ili viwanda vidogo vichipue kila mkoa. Mimi niliona kuwa tunda lake moja limeota kibandani kwa fundi wangu, ingawa yeye hakuwahi kupata hata senti ya shirika lolote.

Kisha nikahitaji fedha za kumpeleka mtoto shule ya sekondari, nikaamua kuiuza. Mnunuzi alikuwa kijana wa Liuli, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, mfanyabiashara wa usipa. Alikuwa akichukua usipa mkavu mwambaoni na kuupandisha Mbinga kwa baiskeli ya kawaida, akiisukuma nusu ya njia. Wanaoiona leo barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay hawawezi kuiwaza njia ile ya wakati ule: mawe, makorongo, na mteremko unaoporomoka kutoka kwenye baridi ya kahawa hadi kwenye joto la ziwa. Aliizunguka baiskeli, akaiwasha, akatabasamu. Akaniuliza, "Mwalimu, injini ni nzima?" Nikamjibu, "Nimeitembelea mwaka mzima haijanisumbua." Jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Wala sikumwambia neno moja la pistoni.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza swali hilo kwa miaka mingi na kila mara nimejipatia jibu jipya, jambo ambalo lenyewe ni dalili mbaya. Nilijiambia kwamba hakuuliza. Nilijiambia kwamba pistoni ilikuwa imethibitika. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa bei ingeshuka. Kipuri kile kile nilichojivuna nacho mbele ya watoto kama ushindi wa kujitegemea, mbele ya mwenye fedha kiligeuka kuwa aibu.

Wiki ya tatu alikuwa akishuka kwenda mwambaoni na matenga matupu. Alikuwa amepanda kilima kirefu bila kupumzika, halafu akafika kileleni, akafunga mafuta kabisa ili asipoteze petroli, akaserereka. Mtu yeyote mwenye akili na asiye na fedha angefanya hivyo. Pistoni ikashika, gurudumu la nyuma likasimama ghafla, naye akarushwa juu ya mawe. Alivunjika mfupa wa mtulinga na kifundo cha mkono wa kulia. Alipona, ila kifundo hakikurudi kuwa kama zamani, na msimu mzima wa usipa ukampita.

Mwezi mmoja baada ya ajali nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa yeye, mkono umefungwa kwa kanga shingoni. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Alikuwa amenilipa nusu ya bei, na nusu iliyobaki tulikubaliana alipe kwa mafungu. Alikuja kuomba radhi kwamba fungu la mwezi ule limechelewa, na mkononi, ule mzima, alikuwa na sehemu yake. Akasema, "Barabara ile ni mbaya, Mwalimu. Baiskeli haina kosa." Nami nilizipokea zile fedha. Naliandika jambo hili bila kulipamba: nilinyosha mkono, nikazipokea, nikamwambia pole.

Fundi alipopata habari hakuniuliza kama kijana ameumia vipi. Aliniuliza swali moja: "Ulimwambia?" Nikanyamaza. Akarudi kwenye jiriwa yake akaendelea kusugua. Nilisimama pale muda mrefu, hakunitazama tena.

Swali lile la fundi si geni duniani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu, na humo akaeleza kisa cha mfanyabiashara anayetoka Alexandria na shehena ya nafaka kuingia kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Mtu huyu anajua kwamba nyuma yake zinakuja meli nyingine zenye nafaka. Je, awaambie watu wa Rhodes, na bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Cicero akaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babiloni alisema kwamba muuzaji anapaswa kutaja kasoro ambazo sheria inamlazimisha azitaje, lakini kunyamaza si sawa na kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alisema mnunuzi asifichwe lolote alijualo muuzaji. Cicero mwenyewe aliangukia upande wa mwanafunzi: kunyamaza si kuficha daima, lakini kunyamaza ili wewe upate faida kwa kutojua kwa mwenzako, huko ni kuficha.

Hata hivyo naona kwamba habari ya kipuri inazidi habari ya nafaka. Nafaka ya Alexandria ilikuwa nzima. Aliyeinunua ghali alipoteza fedha lakini alikula akashiba. Kipuri cha kuchonga ni kitu cha namna nyingine. Nimefikia kuamini kwamba kina nusu mbili: nusu moja ni chuma na nusu ya pili ni neno. Cha kiwandani nacho kina neno lake, ila limechapwa kitabuni na kupigwa mhuri kwenye kasha. Laweza kusafiri bila mtu. Neno la fundi wa Mbinga halina kitabu. Linakaa kinywani mwake, na kutoka hapo laweza kuhamia kinywani mwa mteja tu, na kutoka kwa mteja kwenda kwa mnunuzi wa pili. Likikatika mahali popote katika mnyororo huo, kinachobaki si kipuri tena, ni mtego. Pistoni yangu haikuwa ya uongo ilipotoka kibandani. Ilifanywa ya uongo siku niliyoiuza, wala haikuongezwa wala kupunguzwa hata chembe ya madini.

Kwa kipimo hicho twaweza kutofautisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna kipuri cha kuchonga na kuna kipuri bandia. Cha kuchonga chasema: mimi si yule, nimekaa tu mahali pake, nitendee kwa uangalifu. Bandia chasema: mimi ndiye. Siku hizi madukani bandia ni vingi, vyenye makasha mazuri na nembo za kuibwa, na tunazo taasisi za kupambana navyo, kama Shirika la Viwango lililoanzishwa mwaka 1975. Lakini hakuna ofisi iwezayo kumpima mtu anayeuza kitu halali huku akimeza nusu ya maneno yake. Hapo pana dhamiri tu.

Utaniambia, "Mzee, umasikini ulikubana, na mtoto alihitaji karo." Ni kweli. Lakini na yule kijana umasikini ulimbana, ndiyo maana alifunga mafuta kwenye mteremko. Nilimtwisha mzigo wangu pamoja na wake. Umasikini waweza kueleza kwa nini tunatumia sufuria badala ya silikoni. Hauwezi kueleza kwa nini tusiseme kwamba tumetumia sufuria. Kusema hakugharimu fedha za kigeni.

Aidha yafaa sisi wanunuzi tujitazame. Bei ya kitu ilishuka, na hadi leo hushuka, pindi tu mtu atamkapo kwamba kimetengenezwa hapa. Tunamsifu fundi wetu jukwaani na kumdharau sokoni. Mtu anayejua kwamba ukweli utamwondolea nusu ya chakula cha wanawe ana jaribu kubwa la kunyamaza, na kutoka kunyamaza hadi kugonga nembo ya kigeni ni hatua fupi. Sijitetei kwa hilo. Nasema tu kwamba dharau ya mnunuzi ni mwalimu wa uongo wa muuzaji, na mimi nilikuwa mtu wa pande zote mbili.

Nilikwenda Liuli mwaka uliofuata. Liuli Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lililoko pale linalofanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa nchi kavu hapo ikifanyiwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea ziwani ikaipiga mizinga. Yasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani, Berndt, alimwendea nahodha Mwingereza, Rhoades, kwa hasira na mshangao, kwa kuwa walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, naye hakuwa na habari kwamba vita vimekwisha kutangazwa. Rafiki yake alijua, yeye hakujua. Nilipita ufukweni pale nikiwaza kwamba mimi sikuwa hata na udhuru wa vita.

Nilimkuta kijana akishona wavu kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza yote: sufuria, maneno ya fundi, mlima, mafuta. Nikamrudishia fedha zote nilizopokea baada ya ajali. Alisikiliza hadi mwisho, akauweka wavu chini. Akasema, "Mwalimu, ungeniambia ningeinunua vilevile. Nyingine ingekuwa wapi? Ila ningeiendesha kama ulivyokuwa ukiiendesha wewe." Hakusema zaidi. Mkewe akatuletea ugali na usipa, tukala wote sahani moja.

Jibu lile lilinielemea kuliko kama angenitukana. Maana lilionyesha kwamba ukimya wangu haukuninunulia kitu. Angeinunua vilevile. Huenda angepunguza bei kidogo, nami ningetafuta karo iliyopungua kwa njia nyingine. Nilichokiokoa kwa kunyamaza ni fedha kidogo, na kilicholipwa ni mkono wa kulia wa mtu.

Fundi wangu alikwisha fariki, na kijana yule sasa ni babu mwenye wajukuu. Miaka michache iliyopita niliuza mashine yangu ya kusaga, ambayo bushi yake moja ilikerezwa kienyeji. Nilichukua daftari nikaandika kurasa mbili: ipi imechongwa, nani aliichonga, ilisumbua lini, isifanyiwe nini. Mnunuzi alizisoma, akapunguza bei, nami nikakubali. Kisha akazikunja akazitia mfukoni. Nilimwomba kitu kimoja tu: naye siku akiiuza, azitoe kurasa zile na kumpa atakayeinunua.